Stashahada ya Ustawi wa Jamii: Kabla ya Kupandisha Sifa, Tuutazame Mtaala

Wiki mbili zilizopita niliketi katika kikao cha kupitia upya mtaala wa Stashahada ya Ustawi wa Jamii katika chuo ninachofundisha. Kikao kilianza saa tatu asubuhi, na ilipofika saa nane mchana tulikuwa bado kwenye kipengele cha kwanza: sifa za kujiunga. Pendekezo lililoletwa mezani lilikuwa kwamba mwombaji asipokelewe kwa ufaulu wa masomo yoyote manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, kama ilivyo sasa, bali miongoni mwa hayo manne lazima yawemo Kiingereza na Hisabati. Wajumbe wengi waliliunga mkono. Mtaala wenyewe, yaani kile tutakachomfundisha huyo atakayekivuka kizingiti, ulipewa saa moja ya mwisho, wakati watu wameshaanza kuulizia posho.

Nililipinga pendekezo hilo, na nikabaki karibu peke yangu. Naandika haya ili wanafunzi wangu, pamoja na ninyi mlioko halmashauri ambao mlipita mikononi mwetu, mjue sababu, na mnisahihishe pale nilipokosea.

Niwatendee haki wenzangu kwanza. Fani yetu imekaa muda mrefu mno ikiwa kimbilio: kijana akikosa uuguzi, akakosa na ualimu, huambiwa, "Basi jaribu ustawi." Nimesahihisha mitihani ya vijana wa mwaka wa pili wasioweza kujenga aya moja ikasimama, si kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili. Mjumbe mmoja ninayemheshimu sana aliuliza: afisa asiyejua kukokotoa asilimia atasomaje takwimu za kaya zilizomo katika mpango wa TASAF? Na asiyeelewa Kiingereza ataisomaje Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, iliyotungwa kwa lugha hiyo? Haya ni maswali ya haki. Miaka michache iliyopita ningeyauliza mimi mwenyewe, tena kwa sauti kubwa kuliko yake.

Kilichonibadili ni taarifa mbili za mwanafunzi mmoja. Nimegeuza mambo kadhaa ili yeye na familia inayohusika wasitambulike.

Alikuwa mwaka wa mwisho, amepangiwa mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya ustawi ya wilaya moja iliyo mbali na Dar es Salaam. Ofisi ilikuwa na afisa mmoja, na pikipiki ambayo siku nyingi haina mafuta. Mahakama ilikuwa imeagiza uchunguzi katika shauri la malezi ya mtoto wa miaka 6. Baba na mama wametengana na kila mmoja anamdai. Afisa akaenda na binti huyo. Binti akaandaa rasimu ya taarifa ya mahakama kwa Kiswahili, afisa akaipitia na kutia saini yake. Chuo nacho kilidai taarifa ya kazi hiyo hiyo katika daftari la mafunzo, kwa Kiingereza.

Mimi ndiye niliyekwenda kumsimamia na kumpa alama. Taarifa yake ya Kiingereza ilikuwa mbovu. Sarufi ilikuwa imevunjika, na pale iliposimama ilisema tu kwamba mteja hana msaada wa kutosha wa kifamilia na kwamba mazingira ya nyumbani hayaridhishi. Maneno ambayo nimeyakuta karibu katika kila daftari nililosoma tangu nianze kazi hii. Nikampa alama 52. Nilipokuwa nikiaga, afisa yule aliniomba niisome rasimu iliyokwenda mahakamani. Alitaka kujua kama ni chuo kilichomfundisha binti kuandika vile.

Rasimu ilieleza kwamba mama wa mtoto ni mama lishe stendi, na huondoka nyumbani saa kumi alfajiri. Baba ana nyumba nzuri ya vyumba vinne, lakini mke wake wa sasa, alipoulizwa mtoto hupenda kula nini, alimtazama mumewe, na mume akatazama chini. Binti aliona sare ya shule ya yule mtoto imefuliwa na kupigwa pasi vizuri. Akauliza ni nani anayeifua. Ndipo likatajwa jina la bibi mzaa mama, anayekaa mtaa wa pili, ambaye hakuwa mdai wala mdaiwa na hakuna aliyekuwa amemtaja katika shauri lote. Mtoto alikuwa akilala kwa bibi siku tano za wiki. Alipoulizwa kwao ni wapi, alionesha kwa kidole nyumba ya bibi.

Ilinibidi nimjibu afisa kwamba hapana, si sisi tuliomfundisha.

Niliporudi chuoni nililifungua jalada lake. Kidato cha nne alikuwa amepata F ya Hisabati na F ya Kiingereza. Ameingia kwa Kiswahili, Historia, Uraia na Biolojia. Kwa pendekezo lililo mezani sasa, binti huyo asingeingia, na yule bibi pengine asingetajwa popote.

Najua mtaniambia mfano mmoja haujengi sera. Ni kweli. Basi tuutazame mfano huu kwa upande wa sheria, maana sheria haimhusu binti mmoja. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama, inapoamua nani amlee mtoto, iuweke mbele ustawi wa mtoto, kisha itazame matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe ikiwa amefikia umri wa kuwa na maoni yake, na mila za jamii ya wahusika. Kinadhania pia kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 ni vema akae na mama yake, ila dhana hiyo inaweza kukanushwa. Itakanushwa kwa nini? Kwa ushahidi. Na mahali pengi nchini, mtu pekee anayeweza kuupata ushahidi huo akiwa haegemei upande wowote ni Afisa Ustawi wa Jamii.

Ongezeni hapo kwamba mwaka 2021 Bunge lilipitisha Sheria Na. 1 ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo tunamfundisha kijana kwa Kiingereza, tunampima kwa Kiingereza, na sasa tunataka kumchuja mlangoni kwa Kiingereza, ili aende kusikiliza watu kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma, au kwa Kimakonde, kisha amwandikie hakimu kwa Kiswahili. Katika mtaala wetu wa sasa hakuna hata moduli moja inayofundisha kuandika taarifa ya mahakama kwa Kiswahili. Nililisema hili kikaoni. Likaandikwa katika muhtasari wa kikao kama "maoni mengineyo".

Na hizo mila ambazo sheria inataka zitazamwe? Katika mtaala wetu zimo chini ya kichwa kimoja tu: mila potofu. Mwanafunzi anamaliza akijua kuorodhesha mila zenye madhara, na ni vema azijue. Lakini hajui kwamba kwa Waluguru ukoo hufuatwa kwa mama, na kwamba mjomba ana neno kubwa juu ya mtoto kuliko anavyodhani mtu aliyelelewa kwa Wachaga. Mpeleke Tarime akutane na mtoto wa nyumba ntobhu, aliyezaliwa na binti aliyeolewa na mama mtu mzima, kisha umuulize baba ni nani na mwenye usemi juu ya mtoto ni nani. Atatafuta katika daftari lake na hataona kitu. Hapo kijana ataandika kwamba mazingira hayaridhishi.

Tunachomfundisha badala yake ni kanuni saba za Felix Biestek, padri Mjesuiti aliyefundisha Chicago, zilizo katika kitabu chake cha mwaka 1957. Sina ugomvi na padri huyo. Kanuni zake ni nzuri, na mimi mwenyewe huzifundisha. Tatizo ni kwamba tunazikaririsha, kisha tunauliza kwenye mtihani, "Taja na ueleze." Kanuni mojawapo ni kutunza siri. Wanafunzi wote huipata. Lakini hatuwaambii watafanyaje watakapofika kwenye ofisi ya kata yenye chumba kimoja, ambamo Mtendaji anaandika barua ya utambulisho, mgambo amekaa mlangoni, na binti aliyebakwa anatakiwa aeleze yaliyompata. Wako maafisa wanaotoka naye chini ya mwembe. Wako wanaomwambia arudi jioni. Wako waliokubaliana na mganga mfawidhi wa zahanati awaazime chumba kila Jumatano. Huo ni ujuzi, tena umepatikana kwa jasho, na hakuna mahali tulipouandika. Tukiukusanya kutoka kwa maafisa kumi tu wa zamani, tutakuwa na moduli nzima.

Mary Richmond naye, katika kitabu chake cha mwaka 1917, alisisitiza kwamba ushahidi juu ya mtu hutafutwa pia kwa ndugu, kwa majirani na shuleni, usiishie mdomoni mwa mwenye shida. Yule binti alifanya hivyo hasa alipouliza juu ya sare. Ila Richmond kwetu ni jina na mwaka wa kukariri katika historia ya fani.

Niseme kidogo juu ya neno "mteja". Tumelichukua likae mahali pa mtu tunayemhudumia. Lakini mteja ni mtu wa dukani, anayechagua na kulipa. Kwenye simu ni yule asiyepatikana. Na vijana wa mitaani wakisema teja wanamaanisha aliyezama katika dawa za kulevya. Sina neno bora la kupendekeza leo. Nataja tu kwamba katika siku nzima ya kupitia mtaala, hakuna aliyedhani kwamba istilahi zetu ni sehemu ya kazi.

Sasa nirudi kwenye sifa, maana nisije nikaonekana nataka mlango uwe wazi kwa kila apitaye. Hisabati anayoihitaji afisa wetu ni asilimia, uwiano, wastani, bajeti ndogo na kusoma jedwali. Hayo hufundishika katika muhula mmoja, kwa kutumia orodha halisi ya kaya badala ya herufi x na y, na asiyeyaweza asihitimu. Kiingereza cha kusoma sheria na miongozo kifundishwe hivyo hivyo, na kipimwe kwa ukali. Huo ukali ninaoutaka ni wa njia ya kutokea. Njia ya kuingilia tunaipandisha kwenye karatasi kila baada ya miaka kadhaa, kisha nafasi zikibaki wazi tunafungua dirisha la pili la udahili, na la tatu, na kila mwenye ada anapita. Ninyi mlioko vyuoni mnalijua hili.

Mlangoni ningeweka zoezi la kuandika la saa moja. Mwombaji apewe kisa cha ukurasa mmoja, aandike angetaka kumwona nani na kumuuliza nini. Zoezi lisahihishwe na watu wawili, karatasi zikiwa na namba bila majina. Nilifikiria usaili wa ana kwa ana nikauacha, kwa kuwa najua simu ambazo zingeanza kupigwa usiku wa kuamkia usaili.

Kisha kuna kundi ambalo kikao hakikulitaja kabisa. Chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza mwaka 2017, ziliundwa kamati za ulinzi wa wanawake na watoto hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Katika kamati hizo wamo kina mama ambao kwa miaka wamekuwa wakiwapeleka watoto kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kwa nauli zao wenyewe, na kurudi nao hospitali, na kukaa nao mahakamani. Baadhi yao wana ufaulu wa masomo matatu, au mawili. Fundi seremala aliyejifunza kazi chini ya mti anaweza kwenda VETA akapimwa na ujuzi wake ukarasimishwa. Mama huyu akija kwetu tutamrudisha arudie mtihani wa kidato cha nne, na kwa sifa mpya tutamwambia arudie na Hisabati. Ningependa apimwe kwa zoezi lile lile la saa moja, na akifaulu aanzie ngazi ya cheti.

Mwenzangu aliyeuliza juu ya asilimia alinipigia simu juzi. Bado hakubaliani nami kuhusu Kiingereza, lakini ameomba nakala ya ile rasimu. Nilimjibu kwamba siwezi kumpa, kwa kuwa ni ya mahakama na ni siri ya mtoto. Nikamsimulia tu habari ya sare. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza yule binti yuko wapi siku hizi. Anajitolea katika ofisi moja ya kata, bila mshahara, akisubiri ajira.

Kikao kijacho ni Jumanne. Nimemwandikia mwenyekiti kuomba ajenda ya mtaala ije kwanza, na ya sifa za kujiunga iwe ya mwisho.