Seli shina za masikio: kabla hatujatuma pesa

Nilikuwa Donholm kwa dada yangu wiki iliyopita. Mwanawe wa miaka mitatu aliugua homa ya uti wa mgongo baada ya Idi, akapona, alhamdulillahi, lakini masikio hayakurudi. Katika kikundi chetu cha WhatsApp, kuanzia Kibokoni hadi Malindi, watu wanachanga. Kuna kliniki ng'ambo, jina naliweka kando, iliyoahidi kumdunga seli shina "asikie kama wenzake". Inataka nusu ya malipo mapema.

Dada akaniambia, "Wewe ndugu yangu ndiye msomaji, sema." Nimesema, na hapa narudia kwa sababu najua si ukoo wetu peke yake unaochangishwa.

Ndani ya sikio mna kitu kilichojikunja kama konokono, na humo mna seli za vinyweleo, kama 15,000 hivi kila sikio. Zikifa, kwa binadamu hazimei tena. Kuku zake humea. Sisi hatukujaaliwa hivyo. Seli shina ni seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, ndiyo maana wataalamu wanazitumaini. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Sheffield kilizitumia kutengeneza seli za neva ya kusikia, zikapandikizwa kwa wanyama wadogo jamii ya panya, na usikivu wao ukaongezeka. Ni kazi kubwa, siibezi. Lakini ilipita zaidi ya miaka kumi ndipo Uingereza, mwaka 2025, ikaidhinisha jaribio la kwanza kwa watu, tena watu wazima ambao tayari wanapasuliwa kuwekewa kifaa cha kusikia ndani ya sikio.

Jaribio ni jaribio. Anayeuza leo kile ambacho wenyewe ndio kwanza wanakijaribu, anauza nini?

Kinachonitia hofu zaidi si pesa, ni wakati. Baada ya homa ya uti wa mgongo, ile konokono huweza kujaa mfupa, pengine katika wiki au miezi michache tu. Ikishajaa, kupandikiza kifaa kunakuwa kugumu mno. Kifaa hicho nacho ni ghali, lakini kimeshawasaidia watoto wengi duniani. Kila Ijumaa tunayongoja mchango utimie, mlango huo unazidi kufungwa.

Na mtoto anahitaji lugha sasa hivi, hata ya mikono. Katiba yetu ya 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya, na vituo vya serikali vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu vipo tangu 1984. Shemeji alinuna nilipoitaja lugha ya ishara, akaona nimemkatia tamaa mwanawe. Hatukukubaliana, chai ikapoa.

Lakini Jumatatu dada alimbeba mtoto kwa daktari wa masikio, kupigwa picha ya sikio la ndani. Mhazini wa kikundi amekubali kuzuia pesa hadi majibu yatoke.