Simon's Town: pengwini walikaribishwa, watu walihamishwa

Jamani, leo naomba tugombane kidogo.

Tangu nihamie huku Simon's Town, mji mdogo wa pwani kama kilomita 40 kusini mwa Cape Town, kila picha ninayowatumia inarudi na jibu lile lile: "Wenzetu wanajua kuishi na wanyama." Nikituma pengwini kajilaza chini ya gari, wenzetu hao. Nikituma nyani kakaa juu ya ukuta wa jirani, wenzetu wameendelea bwana, ingekuwa Bongo wangeshampiga mawe. Nimevumilia. Lakini wiki iliyopita rafiki yangu mmoja, msomi mzuri tu wa Mlimani, akahitimisha kwamba ndiyo maana watu wa Ngorongoro ilibidi waondolewe, kwa kuwa sisi ustaarabu huo hatuna. Hapo uvumilivu ukaniishia.

Maisha ya hapa ni matamu, sitawadanganya. Alfajiri unaamshwa na mlio ambao utaapa ni wa punda, kumbe ni pengwini wa Boulders wanaitana. Kwenye maegesho kuna kibao kinakukumbusha uchungulie chini ya gari kabla hujaondoka. Kuanzia Agosti hivi unaweza kusimama barabarani na mfuko wako wa mboga ukamwona nyangumi anapumua katika maji ya False Bay, na hakuna aliyekutoza kiingilio. Nyani ndio wenye mji. Mwenye nyumba alinipa masharti kabla hata ya kunipa funguo: usiache dirisha wazi ukitoka, pipa la taka lifungwe kwa komeo, na usitembee na mkate mkononi. Nami nikajiambia, mtu aliyepita Mikumi mara ngapi sijui, utamwambia nini kuhusu nyani? Lakini hawa wa huku wanafungua milango ya magari! Siku hizi mkate naubeba kwenye begi la mgongoni kama mtu anayesafirisha dhahabu.

Kwa hiyo picha mnazoziona ni za kweli. Ambacho hakionekani kwenye picha ni tarehe.

Septemba 1967 serikali ya makaburu iliutangaza mji huu kuwa wa Wazungu peke yao. Miaka miwili kabla yake, Waafrika waliokuwa wakiishi mtaa wa Luyolo, mlimani hapo juu ya bandari, walikuwa wamekwishapelekwa Gugulethu. Baada ya tangazo ikafika zamu ya wale ambao sheria iliwaita Coloured, wakiwemo Waislamu ambao familia zao zilikuwa hapa kwa vizazi. Maelfu ya watu: wavuvi, mafundi wa bandari ya jeshi la majini, mafundi cherehani, waalimu. Wengi wao wakapelekwa ng'ambo ya mlima, mahali palipopewa jina la Ocean View. Tafsiri yake ni "mandhari ya bahari". Wavuvi waliokuwa wakifungua mlango wanakuta maji walipewa jina la bahari badala ya bahari yenyewe. Sijui aliyelichagua alikuwa anacheka au la.

Pengwini wakaja 1982. Jozi mbili tu zilianza kutaga katika ufukwe wa Boulders, katikati ya nyumba za watu. Nyumba za watu gani, mnajua sasa. Wakaongezeka mpaka wakafika maelfu, wakaingia bustanini, wakachimba viota kwenye maua ya wastaafu, wakapiga kelele usiku kucha. Wapo wakazi waliolalamika sana. Je, kuna lori lililokuja kuwabeba? Hapana. Palijengwa uzio, zikawekwa njia za mbao za kupita watalii, hifadhi ya taifa ikachukua usimamizi, na leo mgeni analipa kiingilio kuwatazama.

Naomba nisieleweke vibaya. Watu wale hawakuondolewa kwa ajili ya ndege. Waliondolewa kwa ajili ya rangi. Na pengwini hana kosa lolote. Wala sisemi asilindwe. Mwaka 2024 pengwini wa Afrika aliingizwa katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, kwa sababu dagaa anaowategemea wanapungua na meli za uvuvi zinagombania samaki hao hao. Mashirika ya ndege yalikwenda mahakamani kule Pretoria, na Machi 2025 yakafikia makubaliano na wenye viwanda vya samaki: uvuvi wa dagaa usimame kwa miaka 10 kuzunguka makoloni sita. Nilifurahi kusoma habari ile. Ninachosema ni kwamba mji unaoweza kumpa ndege nafasi, uzio, daktari na wakili, hauwezi kudai kwamba ulikosa namna ya kuishi na fundi cherehani.

Kuna kisa kingine mkisikie. Mwaka 2020, nyani dume wa Kommetjie, upande wa pili wa hii rasi, alikamatwa na kupelekwa Tokai kwa sababu alikuwa anaongoza wenzake kuvamia nyumba. Jina lake Kataza. (Kwetu linachekesha; kwa Kixhosa na Kizulu neno hilo linahusu usumbufu, kwa hiyo alistahili.) Basi mji ukawaka. Maandamano, mabango, wanasheria, magazeti ya nje. Watu walisema kwa uchungu kabisa kwamba ni ukatili kumtoa kiumbe kwenye kundi lake na kumtupa ugenini asikojulikana. Kabla mwaka haujaisha akarudishwa. Sasa tazameni ramani: Kommetjie na Ocean View ni majirani, unaweza kutoka hapa kwenda kule kwa miguu. Ocean View wanaishi watu waliotolewa kwenye kundi lao na kutupwa ugenini, na hoja ile ile waliyoitoa wao haikupata mabango mengi kiasi hicho.

Baada ya 1994 ilikuja sheria ya kurejesha ardhi, ndiyo, na mwisho wa kupeleka madai ulikuwa Desemba 31, 1998. Wapo waliolipwa fedha. Lakini fedha hizo hazinunui nyumba inayotazama maji Simon's Town, nimeuliza bei za kupanga chumba tu nikanyamaza. Kijana mmoja anayefanya kazi ya kufukuza nyani wasiingie mtaani kwetu anatoka Ocean View. Bibi yake alizaliwa mitaa miwili kutoka ninapolala. Kila asubuhi anapanda taksi kuja kulinda nyumba za mji wa bibi yake zisiingiliwe na nyani, jioni anapanda taksi kurudi. Nilimuuliza anaonaje. Akaniambia nyani angalau hawamuulizi anatafuta nini hapa.

Sasa wewe msomi wa Mlimani, turudi kwako.

Unaponiambia Ngorongoro wahame kwa sababu "wenzetu" wameonyesha njia, unazungumzia njia ipi? Hapa Simon's Town waliobaki ndio wanaoishi na wanyama vizuri, kwa sababu wana uzio, walinzi, mapipa yenye komeo na serikali inayopokea simu zao. Mmasai alitolewa Serengeti mwaka 1959 akaahidiwa kwamba Ngorongoro ataishi na mifugo yake. Akaishi na simba na tembo bila hata mlinzi mmoja wa kumfukuzia nyani. Juni 2022 malori yakaanza kubeba familia kwenda Msomera, Handeni, na sisi wa mjini, ambao mnyama mkali tuliyewahi kuishi naye ni paka wa Kariakoo, tukaandika mitandaoni kwamba ni kwa hiari na ni maendeleo. Labda wapo waliotaka kwenda, sibishi. Lakini ukweli huo haukutokana na picha zangu za pengwini, kwa hiyo niachie picha zangu.

Na ukitaka kujua kama kuhamishwa kunasahaulika, njoo Ijumaa. Kuna msikiti mkongwe hapa Alfred Lane, makaburu waliwahamisha waumini wakauacha. Mchana wa Ijumaa yanakuja magari kutoka ng'ambo ya mlima, wazee wanashuka taratibu na kanzu zao, wanaswali, wanasimama kidogo pale nje wakitazama bandari, halafu wanapanda tena kurudi Ocean View.