Haipo, au Haijasikika?

Kwa mwanafunzi wa isimu, tofauti kati ya "haipo" na "haionekani" ni somo la mwaka wa kwanza. "Haipo" ni habari ya kitu chenyewe. "Haionekani" ni habari ya kitu pamoja na jicho la mtu fulani, ila mtu huyo amefichwa ndani ya kauli ya kutendeka na hatuulizwi ni nani. Tunalifanyia mtihani jambo hilo, tunapata alama zetu, tunalisahau. Kwetu Kazimia limerudi kwa mlango mwingine. Limeletwa na kitu ambacho wengi hapa kitivoni wanakihesabu kuwa mchezo wa wasio na kazi: ramani za intaneti zinazoonyesha ndege zikiwa angani.

Mimi ni mpenzi wa ndege. Nikisema hivyo darasani, wenzangu huuliza kama ni njiwa au kunguru, na swali lao ni halali, maana Kiswahili kimetupa neno moja kwa vyote viwili na kutuachia upatanisho utenganishe: huyu anaruka, hii inaruka. Kuna na maana ya tatu ambayo kamusi bado zinaitunza, ndege kwa maana ya dalili, njema au mbaya, anayokutana nayo mtu safarini. Fizi tunakwepa utata huo kwa kusema avio, neno tulilolitoa kwenye Kifaransa. Hata hivyo, nitaonyesha kwamba maana ile ya tatu haijafa.

Kwanza tuelewane ramani hizi zinafanyaje kazi, kwa sababu hoja yangu yote imesimama hapo. Iliyo maarufu zaidi, Flightradar24, ilianzishwa Uswidi mwaka 2006 na wapenzi wawili wa ndege, na mwaka 2009 ikafungua mlango kwa mtu yeyote mwenye kipokezi kuchangia anachokisikia. Jina lake limebeba neno rada, nalo linapotosha kidogo. Rada hutuma mawimbi, ikangoja yagonge kitu na kurudi. Hapa, kwa sehemu kubwa, hakuna kinachogongwa. Ndege yenyewe ndiyo inayosema. Kifaa kilichomo ndani yake hupokea kutoka setilaiti za GPS habari ya mahali kilipo, kisha hutangaza kwa mawimbi ya megahezi 1090, karibu mara mbili kila sekunde: mimi ni fulani, niko hapa, kimo changu hiki, mwendo wangu huu. Mtu aliyeko chini, akiwa na antena ndogo na kiredio cha bei nafuu ambacho asili yake kilitengenezwa kwa ajili ya televisheni, anaisikia sauti hiyo, anaipitisha kwenye kompyuta na kuituma kwenye mtandao. Maelfu ya watu wa namna hiyo, wengi wakijitolea, ndio masikio ya ramani.

Tazameni kilichotokea kisarufi. Ndege imesema "niko hapa". Skrini ya simu inaniambia "iko pale". Nafsi ya kwanza imegeuka ya tatu, na yule msikilizaji wa katikati, mwenye antena juu ya paa, amefutika kabisa. Mahali asipokuwepo, ndege inasema peke yake na ramani inabaki tupu. Utupu huo haumaanishi kwamba hakuna ndege. Unamaanisha kwamba hakuna aliyesikia.

Kazimia iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Baraka. Mbele yetu ni maji, na ng'ambo ni Tanzania. Nyuma yetu milima inapanda kuelekea nyanda za juu za Itombwe, ambako vilele vingine vinapita meta 3,000. Mawimbi haya husafiri kwa mstari ulionyooka. Ndege inayopita juu sana, meta 10,000 na zaidi, inaweza kusikika na antena iliyo umbali wa kilometa 400 hivi. Ndege ndogo inayoshuka nyuma ya mlima haisikiki hata na antena ya kijiji jirani. Matokeo yake ni kichekesho chenye uchungu. Ndege za wapita njia, zenye abiria ambao hawatalijua kamwe jina la Kazimia, zinaonekana kwenye simu yangu na namba zake, aina yake na mji ziendako. Ile ndogo inayopanda kwenda Minembwe na mizigo ya misaada, ambayo watu wake wanaingoja wakihesabu siku, inafika mahali fulani juu ya milima na kutoweka. Zinazotuhusu kidogo ndizo zinazojulikana sana.

Na kutoweka kwenyewe kuna hila. Ishara inapokatika, ramani mara nyingi haikiri papo hapo. Inaendelea kwa muda kuchora kale kandege kakisonga kwa makadirio, kwa mwendo na uelekeo wa mwisho uliosikika. Kwa lugha yetu, imeandika "inaruka" mahali ilipopaswa kuandika "huenda inaruka". Kiswahili kina "huenda", kina "labda", kina "yasemekana", kina "-nge-". Ramani ina rangi tofauti kidogo, au neno dogo pembeni kwa Kiingereza, ambalo mtoto wa Kazimia halisomi.

Sasa niseme kwa nini hili si suala la mtihani tu. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa M23, na katikati ya Februari ukafuata uwanja wa Kavumu na mji wa Bukavu. Watu walikimbia, wengi kuelekea kusini, Uvira na Fizi. Katika miezi ya namna hiyo sauti ya injini angani inakuwa habari. Ndiyo ile maana ya tatu ya ndege, dalili, na kila mtu anataka kuisoma mapema. Nyumbani kwetu kijana mwenye simu yenye chaji ndiye aliyegeuka mlinzi wa ua. Nilikuwepo siku moja sauti ilipokuja kutoka upande wa ziwa. Mdogo wangu aliinamia simu, akanyanyua kichwa akiwa na uhakika wote wa kijana.

"Yaya, ramani iko tupu. Hakuna avio."

Mama alikuwa ameshawavuta watoto ndani. "Sasa kile kinacholia kule ni nini, mwanangu, ni tumbo langu?"

Tulicheka, baadaye. Ila ile "hakuna" ya mdogo wangu sijaisahau. Ndege za kijeshi zina uwezo wa kunyamaza, na zikinyamaza hakuna antena ya mpenzi yeyote itakayozisemesha. Ndege zisizo na rubani, ambazo vita hii imezizoesha masikio ya watu, hazina sababu ya kututangazia zilipo. Kwa hiyo ramani ni tupu kuliko wakati wowote hasa kwa zile ambazo mama anataka kuzijua. Mdogo wangu hakudanganya. Alisoma neno la Kifaransa lililoahidi habari "moja kwa moja", akalitafsiri kwa uaminifu, na tafsiri aminifu ya ahadi isiyotimilika ndiyo iliyomweka hatarini. Kama angesema "haijasikika", mama asingekuwa na la kumjibu, na watoto wangebaki ndani bila mjadala.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema kazi ya watu wa lugha hapa ni kutafsiri vibonye vya programu, tukaitwa tumekikuza Kiswahili. Vibonye ni vyepesi. Kigumu ni kitenzi. Napendekeza tuseme "ndege zilizosikika", si "ndege zilizopo angani", na tuseme hivyo darasani, redioni, na kwenye maelezo yoyote tutakayoandika kwa ajili ya vijana wa nyumbani. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba ya Kongo ya mwaka 2006. Hatuna haja ya kungoja kamati ya Dar es Salaam ituamulie namna ya kusema jambo linalopita juu ya mapaa yetu.

Kuna tatizo jingine, nalo ni la semantiki safi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza mwaka 2024 kuhusu kuvurugwa na kughushiwa kwa ishara za GPS huko Kivu Kaskazini. Kumbukeni ndege hujua ilipo kwa kuambiwa na GPS. Ikiambiwa uongo, itatangaza uongo kwa moyo mweupe: niko hapa, na haiko hapo. Msikilizaji atausikia vizuri, ramani itauchora vizuri. Kila shahidi mkweli, ushahidi wote batili. Nawaachia wanafalsafa wa lugha.

Lakini nisije nikaonekana naichukia ramani. Naipenda, na kuna ukimya wake mwingine ambao ukiujua muktadha unasomeka kama kitabu. Februari 2025 Kongo ilizifungia anga lake ndege zilizosajiliwa Rwanda. Tangu hapo, mtu yeyote mwenye simu aliweza kutazama safari za kutoka Kigali zikijipinda kuukwepa mpaka wetu, zikichukua njia ndefu pale ambapo mstari mfupi ungekatiza juu ya misitu ya Kongo. Hakuna tangazo la serikali linaloonyesha mpaka waziwazi namna hiyo, maana mpaka wa ziwani hauna ukuta wala bendera, uko katikati ya maji tu. Au chukueni Goma: uwanja ulifungwa, shughuli zikasimama, na alama ya uwanja kwenye ramani ikabaki palepale, na jina lake na herufi zake GOM, kama kibao cha duka lililohamwa. Ukimya wa Goma ulikuwa wa kweli, ndege hazikuwepo. Ukimya wa milima ya Fizi ni wa kukosa masikio. Kwenye skrini vinafanana kabisa. Anayevitenganisha ni msomaji, kwa habari alizozipata nje ya matini, jambo ambalo walimu wetu wa fasihi hutusisitizia kila wiki.

Rafiki yangu wa kitivo cha sayansi ana jibu fupi kwa haya yote: weka antena Kazimia, mjadala umekwisha. Ni kweli mitandao hii hutoa vipokezi bure kwa maeneo yenye masikio machache, na mimi ningefurahi kuliko mtu yeyote. Umeme wa jua tungetafuta, mtandao tungepanda nao kilimani. Lakini fikirini antena mpya juu ya paa la mtu wa kawaida, katika eneo lenye jeshi, Wazalendo na wengine, ambako kwa miaka mingi chombo chenye waya mrefu kilijulikana kwa jina moja, foni, na foni ni kitu cha kuongea na watu wa mbali. Nani atamweleza askari wa kizuizini kwamba hiki hakitumi neno lolote, kinasikiliza tu? Atamweleza kwa maneno gani? Tofauti ya kipokezi na kitumaji, ambayo kwetu ni tofauti ya viambishi na mzizi, pale inaweza kuwa tofauti ya kurudi nyumbani na kutorudi. Mpaka maneno hayo yawe ya kawaida midomoni mwa watu, nisingemshauri ndugu yeyote kupandisha antena.

Na tusisahau kwamba masikio yalikuwepo kabla ya antena. Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma na kushukia Kibamba, katika ukanda wetu huuhuu, na katika miezi iliyofuata ndege za serikali, nyingine zikiendeshwa na marubani Wakuba waliomkimbia Castro, zilipita juu ya ziwa na milima zikiwasaka waasi. Wazee waliokuwa watoto wakati ule bado hutofautisha: hii inanguruma, hii inakereza, hii inalia kama nyuki na haiondoki. Wavuvi walioko ziwani usiku na taa zao za ndagala wana maarifa yao ya mwanga unaopita na mwanga unaozunguka. Hayo ni maarifa ya lugha: tanakali za sauti, vitenzi, tashbihi, katika Kiswahili chetu na katika Kibembe. Hatuyafundishi popote, na wenye nayo wanapungua kila mwaka. Tasnifu ngapi kitivoni kwetu zimeandikwa juu ya methali zilezile? Moja tu ingetosha kwa sauti za angani.

Mimi nimeanza kidogo. Nina daftari lenye safu mbili. Upande mmoja naandika ramani ilichoonyesha saa fulani, upande wa pili watu walichosema wamekisikia saa ileile, kwa maneno yao bila kuyasanifisha. Mwezi uliopita, kwa msaada wa wadogo zangu wanaonitumia sauti kwa simu mtandao ukishika, safu ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Kwa wenzangu wanaotoka Kalemie, Moba na Uvira, daftari liko wazi. Niambieni tu saa, uelekeo, na kitenzi alichotumia mtu wa kwanza kuisikia.