Habari za Vita na Masikio ya Watoto

Juma hili tunazungumza juu ya habari zenye kuogopesha na namna ya kuzieleza kwa watoto.

Kuna nchi ambazo televizyo ina habari za watoto peke yao. Huko Uingereza, BBC ilianzisha Newsround mwaka 1972. Uholanzi wana Jeugdjournaal tangu 1981. Tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilivunjika angani, wakafa watu 7, mmoja wao mwalimu wa shule. Newsround iliitangaza habari hiyo siku ile ile.

Hawafichi jambo, lakini wana utaratibu. Wanatumia maneno mafupi na ya kweli. Maiti na damu hawavionyeshi. Wanaonyesha watu wenye kusaidia. Mwisho wanamwambia mtoto ya kwamba kuogopa si haya, aende azungumze na mtu mkubwa anayemwamini.

Kwetu Kivu, habari inaingia nyumbani kwa redio, kwa simu inayopita mkono kwa mkono, na kwa mazungumzo yetu wenyewe jikoni. Mtoto anajifanya anacheza, kumbe anasikia yote. Akikosa mtu wa kumweleza, anajieleza mwenyewe, na mara nyingi anayoyawaza yanazidi yaliyotokea.

Tofauti moja ni kubwa. Mtangazaji wa Uingereza anaweza kusema vita iko mbali. Mtoto aliyesikia masasi Goma Januari 2025, sisi tutamwambia hivyo namna gani? Basi tumwambie tunachokijua: «Masasi yanalia upande ule. Leo tunalala wote chumba kimoja. Tukikimbia, mshike dada yako mkono. Tukipotezana, tunakutana kwa shangazi.» Tusiahidi kwamba hakuna kitu kitakachotokea. Tuahidi kile tunachoweza kukitimiza.

Picha ya maiti ikifika kwenye simu, tuifute mbele mtoto hajaishika, tena tusiitume kwa mwingine. Mtoto akirudia kukojoa kitandani, ao akinyamaza siku nyingi, tusimpige wala tusimcheke. Ni woga unaosema.

Juma hili, kila mama amuulize mtoto wake swali moja: umesikia nini? Tumwache amalize, ndipo tujibu.