Samaki Mkavu Darasani: Uzee, Hasara na Matumaini katika Mitaa ya Eastlands

Fasihi simulizi ya Waswahili imemtukuza mzee tangu jadi. Utu uzima ni dawa, husemwa. Penye wazee haliharibiki neno. Jungu kuu halikosi ukoko. Wanafunzi wa Kiswahili huzikariri methali hizi tangu shule ya msingi, na wafikapo chuo kikuu huzichambua wakitaja maudhui yake: heshima, busara, uhifadhi wa mila. Ni nadra kuulizwa swali jepesi kuliko hayo yote, nalo ni hili: methali hizi zinamfaa nani? Dawa humponya mgonjwa, si chupa iliyoihifadhi. Ukoko huliwa na yule anayekwangua, wala si na jungu. Neno lisiloharibika penye wazee ni neno la jamii nzima, na mzee ameketi hapo kama mlinzi wake. Katika semi zote tatu mzee ni ghala la wengine. Kwamba naye aweza kuwa na jambo analolitamani kwa nafsi yake, jambo lililo mbele wala si nyuma, hilo semi hizo hazikulitaja.

Ipo methali nyingine inayolifunga kabisa suala hili: samaki mkunje angali mbichi. Akishakauka hakunjiki, na ukimlazimisha atavunjika. Walimu wameitumia methali hii kuwahimiza watoto wasome, na hapana ubaya katika hilo. Ubaya upo katika upande wake wa pili usiotamkwa, unaomwambia mtu wa miaka sitini au sabini kwamba yake yamekwisha.

Mtu mmoja aliipinga methali hiyo hadharani, na sehemu ya mwisho ya upinzani wake ilitokea Kariobangi, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi. Kimani Ng'ang'a Maruge alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, mjini Eldoret, mwezi Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84. Serikali ilikuwa imeondoa karo katika shule za msingi mwaka 2003, naye alilichukulia tangazo hilo kwa maana yake ya wazi: elimu bila malipo kwa wote, na wote ni pamoja na yeye. Haikuwa rahisi kukubaliwa. Alivaa kaptura na soksi ndefu kama wanafunzi wenzake, akaja na mkongojo wake, akaketi dawatini katika shule ambamo wajukuu wake pia walikuwa wakisoma. Sababu aliyoitoa ilikuwa moja na ya kimsingi: alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, maana hakuwa na yakini kwamba wahubiri waliisoma ilivyoandikwa. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York kuzungumza katika Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya msingi bila malipo.

Hiyo ndiyo sehemu inayosimuliwa, na filamu iliyotengenezwa juu yake baada ya kufa kwake iliisimulia pia. Sehemu isiyosimuliwa sana ndiyo inayohusu makala haya. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilimpokonya mali yake. Mzee huyu akawa mkimbizi wa ndani, akaishi kambini, na kutoka kambini akaendelea kwenda shuleni kwa miguu. Katikati ya mwaka 2008 aliletwa Nairobi, akawekwa katika makao ya wazee. Kwa desturi ya mambo hadithi ingeishia hapo: mzee kapoteza nyumba, kahamishwa mji, kapewa kitanda na uji, na jamii imefanya wajibu wake. Maruge hakuona hivyo. Hakukaa sana ila akajiandikisha tena, safari hii darasa la sita, katika shule ya msingi ya Marura, Kariobangi.

Yafaa kusimama kidogo juu ya tendo hilo la pili, kwa sababu ni zito kuliko la kwanza. Mwaka 2004 alikuwa na shamba, jamaa, na mazingira aliyoyazoea. Kwenda shule kulikuwa nyongeza juu ya maisha yaliyokuwapo. Mwaka 2008 hakuwa na kitu cha kuongezea. Matumaini ya kijana aghalabu ni hesabu, maana anao muda wa kurudishiwa gharama yake. Mtu wa miaka 88 hawezi kupiga hesabu hiyo. Akiketi kujifunza sehemu za namba katika darasa la watoto wa Kariobangi, hafanyi hivyo ili apate kazi. Anajifunza kwa kuwa bado hajui na anataka kujua, basi. Huenda hiyo ndiyo elimu yenyewe, ile ambayo vyuo vikuu huitaja siku ya mahafali na kuisahau kesho yake.

Ni sadfa yenye maana kwamba tendo hilo lilitokea Eastlands, kwani hakuna sehemu ya Nairobi ambayo uzee haukupangiwa kama hiyo. Mji wa kikoloni ulimtaka Mwafrika mwenye nguvu za kufanya kazi. Alipochoka alitarajiwa kurudi alikotoka. Nyumba zilijengwa kwa fikra hiyo, chumba kimoja cha wanaume kadhaa. Hata Kamati ya Carpenter ilipopendekeza mwaka 1954 kwamba mshahara wa mfanyakazi uweze kumtunza yeye na aila yake, ilikuwa tayari zaidi ya miaka thelathini tangu Pumwani itengwe kuwa makazi ya Waafrika. Kaloleni, Makongeni, Ziwani, Bahati, Jericho, Maringo: katika mitaa hii watu walioletwa kwa muda waliishi, wakaoa, wakazaa, wakazeeka. Majina ya Ofafa na Mbotela yanatukumbusha madiwani na wanasiasa waliouawa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, lakini wapangaji wenyewe walikufa vifo vya kawaida, wengi wao wakiwa katika vyumba vile vile vilivyokusudiwa vijana wasio na wake. Wengine hawakuwa na ushago wa kurudi. Wengine walikuwa nao kwa jina tu. Kaka aliyebaki alikwisha kuugawa.

Na kuhamishwa hakukuanza jana. Kijiji cha kale cha Pangani, ambako wenye nyumba wengi walikuwa wanawake Waislamu, na ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya thelathini na watu wake wakapelekwa Pumwani na Shauri Moyo. Wanawake wale walikuwa wamejijengea nyumba kama akiba ya uzee. Miaka mingi baadaye, mwaka 2020, nyumba za baraza la jiji katika Pangani ya sasa zilibomolewa kupisha maghorofa. Mwaka 2025 wakazi wa Makongeni, mtaa uliojengewa wafanyakazi wa reli, nao walianza kuhama kupisha mradi wa nyumba.

Kisa cha Muthurwa ndicho chenye uchungu wa pekee. Mtaa huo wa reli ulikuwa mali ya hazina ya pensheni ya wafanyakazi wa reli. Hazina ilihitaji ardhi hiyo ili ipate fedha za kuwalipa wastaafu. Miongoni mwa waliokuwa wakiishi humo walikuwamo wastaafu wa reli na jamaa zao. Mwaka 2010 ubomoaji ulianza, wapangaji wakaenda mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao, ikiwamo ya makazi, zilikiukwa. Hukumu hiyo inastahili kusifiwa. Hata hivyo haikuweza kuliondoa fumbo lililokuwa kiini cha shauri: pensheni ya mzee mmoja ilikuwa ikitafutwa juu ya paa la mzee mwingine. Mtunzi wa tamthilia angebuni mgogoro kama huo, mhakiki angemlaumu kwa kutia chumvi.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima, kupata matunzo ya jamaa na ya serikali, na kujiendeleza. Hilo la mwisho husomwa haraka sana. Utekelezaji umejikita katika matunzo, nayo ni haba: tangu mwaka 2018 kila aliyetimiza miaka 70 anastahili ruzuku ya shilingi 2,000 kwa mwezi, fedha ambazo mara nyingi huchelewa na ambazo hazitoshi kodi ya chumba kimoja Umoja au Kayole. Wanaoidharau ruzuku hii hawajamwona bibi anayemlea mjukuu kwa fedha hizo. Lakini hata ingelikuwa mara tatu yake na ikafika kwa wakati, bado ingelijibu nusu tu ya kifungu.

Korogocho ilitoa mfano wa nusu nyingine. Tangu mwaka 2007 wanawake wazee wa huko, wengi wao bibi, walianza kukutana kujifunza kujihami, kwa kuwa walikuwa wakibakwa na vijana wa umri wa wajukuu wao. Walijifunza kupiga pua na macho, na kupaza sauti kusema hapana. Kikundi chao kilijulikana kwa jina la Shosho Jikinge. Jina hilo lingempa mwanaisimu kazi ya siku nzima: nomino ya Kikuyu iliyopita katika Sheng, ikafuatwa na kitenzi cha Kiswahili sanifu chenye kirejeshi, tena katika hali ya kuamuru. Lakini kabla ya isimu kuna hoja. Hakuna anayesema shosho akingwe. Shosho ndiye mtenda.

Lugha ya mitaa hii ina mengi ya kusema juu ya uzee kwa wanaotaka kusikia. Baba huitwa buda, mzae, hata mbuyu. Na huo wa mwisho si mti mbaya wa kumfananisha nao mtu. Wakati huo huo, katika miaka ya karibuni vijana wa Kenya wamelichukua neno wahenga, waliloachiwa na watunzi wa methali, wakaligeuza kuwa utani wa kumwita yeyote aliyepita thelathini. Wapo walimu waliochukizwa na mabadiliko hayo. Yumkini hawana haja ya kuchukizwa. Mhenga wa vitabuni hakuwa na uso. Huyu wa utani angalau yu hai na anaweza kujibu. Neno linalostahili kuchukiza zaidi ni ngumbaru, jina ambalo elimu ya watu wazima ilishikamana nalo nchini Kenya tangu kampeni ya kufuta ujinga iliyoanzishwa mwaka 1979. Mtu mzima aliyejitokeza kujifunza alipewa jina lililomkumbusha kila jioni kwamba alichelewa, na darasa lake likatajwa kwa jina hilo hilo, kisha wakuu wakashangaa viti vilipobaki vitupu.

Shaaban Robert alipoandika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini hakuwa na namna ya kujua kwamba sehemu hiyo ya pili ingekuwa fupi. Alizaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Hata hivyo kichwa hicho kilifungua mlango ambao fasihi ya Kiswahili haijauingia vya kutosha. Mwana Kupona, kabla yake, alitunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na aliutunga kwa ajili ya binti yake. Uzee umeingia katika maandishi kama wasia mara nyingi kuliko kama mwanzo wa jambo. Riwaya za Kiswahili zina babu wengi wanaosimulia na wachache mno wanaotaka kitu.

Lawama haiwakwepi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Msomi anayetafuta wazee wa kuhojiwa hupanda basi la kwenda Lamu au Mombasa, akaipita Pumwani, ambako Kiswahili kimezungumzwa majumbani kwa vizazi vinne au zaidi, na ambako kila mwaka mlango mmoja au miwili hufungwa daima. Hilo ni kosa la utafiti na linaweza kurekebishwa kwa nauli ndogo. Lakini hata atakayekwenda Pumwani na kinasa sauti atakuwa amemwendea mzee kukwangua ukoko, asipomuuliza pia anataka kusoma nini. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vya Nairobi vina vijana wanaojua kufundisha kusoma na kuandika kwa lugha ambayo wazee wa Eastlands tayari wanaizungumza. Ukumbi wa Kaloleni, ambao ulisikia hotuba za wapigania uhuru, ungeweza kutumika Jumamosi moja baada ya nyingine kwa kazi hiyo. Vitabu havihitaji kuwa vya watoto, vile vya kuku na mayai. Mtu wa miaka 70 aliyehamishwa mara mbili atapenda zaidi kuweza kuisoma ilani iliyobandikwa mlangoni pake, na hati ya upangaji, na kifungu cha 57 chenyewe.

Maruge alibatizwa Kariobangi mwezi Mei 2009 katika kanisa la Utatu Mtakatifu, akachukua jina la Stephen. Alifariki tarehe 14 Agosti mwaka huo huo, kabla ya kuufikia mtihani wa taifa wa darasa la nane, akazikwa Subukia. Biblia aliyotaka kuisoma mwenyewe, alikuwa amekwisha kuisoma.