Hesabu pumzi za mtoto
Saa nane usiku mwanangu wa miezi saba alikataa ziwa. Nilidhani ni mafua tu. Jioni nilikuwa nimemfunika blanketi nikaenda kulala. Mama yake ndiye aliyeona kifua kikibonyea chini ya mbavu kila akivuta pumzi. Tukapanda bajaji. Hospitalini tukaambiwa tukafungue kadi kwanza, na dirishani hapakuwa na mtu. Tulisimama pale, mtoto akikoroma mithili ya mzee. Muuguzi aliyekuwa akipita alisimama, akamfunua fulana, akatazama saa na kuhesabu dakika nzima: pumzi 64. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, kuanzia 50 ni dalili ya nimonia. Alimbeba mbio akamwekea oksijeni. Kadi ilifuata baadaye. Namshukuru mpaka leo, lakini dakika zile za dirishani siwezi kuzisamehe. Mtoto anayepumua hivyo aonwe kwanza, karatasi zisubiri. Nawe mzazi mwenzangu, akikohoa usiku, mfunue kifua, shika saa, uhesabu. Kifua kikibonyea, au akishindwa kunyonya, usingoje kupambazuke.