Miguu Kwanza, Mkono Baadaye

Anayejifunza mpira wa meza akikosa mpira huulaumu mkono. Mara nyingi mwenye kosa ni mguu. Mpira uendapo pembeni, yeye husimama kama mlingoti na kunyoosha mkono. Pigo hukosa nguvu na shabaha, na tabia hiyo ikiota mizizi ni taabu kuing'oa.

Yafaa miguu ipanuke kupita mabega, magoti yakunjwe kidogo, na uzito uwe mbele ya nyayo. Atumiaye mkono wa kulia autangulize kidogo mguu wa kushoto. Mpira ukija, asogee kwa hatua fupi za ubavu pasipo kupishanisha miguu, ndipo apige: kiuno kizunguke, uzito uhamie mguu wa kushoto, na kibao kikome mbele ya uso. Kisha ajiweke tayari upesi.

Meza ina upana wa sentimita 152.5. Chora ardhini mistari miwili yenye nafasi hiyo, uende na kurudi kwa nusu dakika, upumzike kiasi hicho, mara tano. Askari kambini na mtoto nyumbani wote wanaweza.

Ryu Seung-min wa Korea ya Kusini, aliyeshika kibao kama kalamu, alitegemea mno wepesi wa miguu, akatwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Athens mwaka 2004. Tangu mwaka 2001 mchezo huishia pointi 11, si 21 tena. Miguu ikichelewa, nafasi ya kufidia ni ndogo.